Mkono Mmoja juu ya Mashine Nyingi



Maneno yangu ya leo ni juu ya kisanduku kidogo, aghalabu cheusi, kisicho na sifa ya uzuri wala jina linalokumbukwa na watu, ambacho hukaa chini ya meza au nyuma ya skrini katika ofisi za watu wenye kompyuta zaidi ya moja, na kazi yake ni kumwezesha mtu mwenye kibodi moja, skrini moja na kipanya kimoja kuziamrisha mashine mbili, nne, nane au kumi na sita, kila moja kwa zamu yake, bila ya kuinuka kitini. Mafundi hukiita KVM, nami nitakiita hivyo hivyo, maana ndivyo kinavyoulizwa madukani. Nimekichagua kwa kuwa, katika vyombo vyote vilivyoizunguka kompyuta, sikijui kingine kinachofanya kazi yake kwa kusema uongo kutwa kucha, na uongo huo ukawa ndio uaminifu wake. Na kwa kuwa uongo huo huo, ulipoangukia mikononi mwa watu dhalimu, umewahi kuifungua hazina ya benki.

Msikilizaji mwenye kompyuta moja, na yenyewe ikimtosha au hata kumzidi, ana haki ya kuuliza ni nani huyo ahitajiye nne. Jibu li karibu nasi kuliko tudhaniavyo. Katika studio nyingi za redio za zama hizi, mtangazaji aketiye mbele ya kipaza sauti ana kompyuta ichezayo nyimbo na matangazo, ana nyingine imleteayo habari, ana ya kurekodia na kuhariri, na pengine ana ya nne imwonyeshayo hali ya mitambo ya kurushia sauti. Kila moja ina feni, kila feni ina mvumo wake, na kipaza sauti kizuri hakibagui: huudaka mvumo wa feni sawasawa na sauti ya mwanadamu. Kwa sababu hiyo mashine hutolewa studioni zikatiwa chumba kingine, pengine hata orofa nyingine, na mbele ya mtangazaji husalia kibodi, skrini na kipanya, ambavyo havina kelele ya kumkera mtu. Kadhalika ndivyo walivyo wafanyabiashara wa fedha za kigeni wa London na New York, waongozaji wa ndege, na wasimamizi wa mitambo ya umeme. Wote hao huziamrisha mashine ambazo hawazioni.

Lakini asili ya chombo hiki ni vyumba vya seva vya miaka ya 1980 na 1990. Kompyuta ndogo iliyotolewa na IBM mwaka 1981 ilikusudiwa mtu mmoja na meza moja, na yamkini walioibuni hawakuwazia kwamba baada ya miaka michache jamii yake ingepangwa makabatini kwa makumi, ikitunza barua, hesabu na majalada ya ofisi nzima. Kila iliyoongezwa ilidai kibodi yake na skrini yake, na skrini za siku hizo zilikuwa za kioo kinene, zenye uzito wa kumchosha hamali, zenye kula umeme na kutoa joto, hata ikawa chumba chapozwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya skrini ambazo siku nyingi za mwaka hapakuwa na mtu wa kuzitazama. Seva ikisha kuwekwa vizuri hufanya kazi peke yake. Humhitaji mtu siku ya kuharibika tu. Basi watu wakasema, na walisema kweli: ya nini kuziwekea mashine ishirini macho ishirini, ilhali mtazamaji ni mmoja?

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kitoto kwa urahisi wake, nayo ilikuwa kisanduku chenye kitasa cha kuzungusha, ambacho kikielekezwa herufi A nyaya za kibodi na skrini huungana na mashine ya kwanza, na kikielekezwa B huungana na ya pili. Hakikuwa na umeme wake wala akili ya namna yoyote. Kwa skrini kilifaa kwa kiasi chake; kwa kibodi na kipanya kilileta fitina, na sababu za fitina hiyo zastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndimo ilimo elimu yote ya jambo hili.

Wengi wetu hudhani kwamba kibodi ni vitufe tu vilivyofungwa waya, ambapo ukibonyeza A, herufi A hupita wayani ikaenda zake. Sivyo. Ndani ya kibodi mna kompyuta ndogo mno, na kati yake na kompyuta kubwa pana mazungumzo yenye adabu maalumu. Mashine iamkapo huiita kibodi yake, huiamuru ijipime, na kibodi hupaswa kujibu kwamba i salama. Na hata baadaye, taa ndogo ya herufi kubwa ikiwaka, iliyoamuru iwake ni mashine, si kibodi. Kompyuta za IBM zilipoita zisijibiwe ziliandika tarakimu 301 juu ya skrini kuwa ni dalili ya ubovu, na nyingi za kampuni nyingine zilizofuata zilisimama kabisa, zikaandika kwamba kibodi haikuonekana, na kwamba mwenye mashine abonyeze kitufe cha F1 ili kazi iendelee. Abonyeze kitufe cha kibodi gani, ikiwa kibodi yenyewe haipo? Mafundi wa umri wangu huchekeana kwa jambo hilo mpaka leo. Lakini halikuwa la kuchekesha pale umeme ulipokatika usiku na kurudi alfajiri, ambapo mashine kumi ziliamka kwa pamoja na kuita, ile iliyoelekewa na kitasa ikajibiwa na kuendelea na shughuli zake, na tisa zikabaki zimesimama mpaka mtu alipofika kazini asubuhi.

Kipanya kilikuwa na ugonjwa mbaya zaidi. Kipanya cha namna iliyoletwa na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987 hupeleka habari zake kwa mafungu ya baiti tatu: ya kwanza ni ya vibonyezo na mwelekeo, ya pili ni ya mwendo wa kulia na kushoto, ya tatu ni ya mwendo wa juu na chini. Kitasa kikizungushwa katikati ya fungu, baiti moja ikapotea, basi mashine huipokea ya pili kwa kudhani ni ya kwanza, na toka hapo mambo yote huharibika: kishale huruka pembe hii hadi pembe ile, madirisha hufunguka yasiyotakiwa, na mafaili huburutwa kupelekwa mahali ambapo mwenyewe hatayapata kwa wiki nzima. Vilipotokea vipanya vyenye gurudumu, vyenye kutuma baiti nne badala ya tatu, wazimu huo ulizidi, maana kipanya kilichopotewa na mawasiliano yake aghalabu hurudi katika baiti tatu ilhali mashine yangali ikingojea nne. Fauka ya hayo, plagi za namna hiyo hazikuundwa zichomolewe na kuchomekwa ilhali umeme umo ndani. Afanyaye hivyo alijihatarisha kuiunguza fyuzi iliyo juu ya bodi kuu, fyuzi ambayo si kila fundi ajua kuibadili.

Dawa iliyotibu ilikuwa ni kumweka naibu. Ndani ya KVM ya kweli kila mashine huwekewa saketi yake ndogo ambayo haiondoki mlangoni hapo usiku wala mchana, na ambayo hujifanya kuwa kibodi na kipanya. Mashine ya tatu ikiita, naibu huitika labeka. Ikimwamuru ajipime, hutoa jibu la afya njema. Ikimwambia awashe taa ya herufi kubwa, huhifadhi kumbukumbu kwamba kwa mashine ya tatu taa hiyo imewaka, ijapokuwa kwa ya kwanza imezimwa. Ilhali kibodi ya kweli wakati wote huo i kwa mashine ya kwanza, ikiandika barua. Kwa hiyo kila mashine huishi katika itikadi kwamba bwana wake hajabanduka mbele yake hata dakika moja. Anayetajwa kuwa ndiye aliyekibuni chombo hiki, na ndiye aliyekipa mwaka 1995 jina linalotumika hata leo, ni Remigius Shatas wa kampuni ya Cybex, katika mji wa Huntsville, jimbo la Alabama, mji ujulikanao zaidi kwa makombora na safari za anga. Mwaka 2000 Cybex iliungana na mshindani wake Apex, ikazaliwa kampuni ya Avocent, na mwaka 2009 kampuni ya Emerson iliinunua Avocent kwa kiasi cha dola bilioni 1.2 za Kimarekani. Anayekidharau kisanduku hiki na aitafakari bei hiyo.

Palikuwa pia na suala la namna ya kukiamuru. Kitufe juu ya kisanduku chatosha kikiwa mezani, lakini kikiwa uvunguni si raha kuinama kila mara, na wajenzi wakatafuta juu ya kibodi kitufe ambacho watu hawana haja nacho. Wakakiona Scroll Lock, kilichosahauliwa na takriban walimwengu wote. Ukikibonyeza mara mbili upesi upesi, naibu hutambua kwamba neno lifuatalo ni lake yeye na si la mashine. Kwa bahati mbaya watengenezaji wa kibodi za leo wamekiondoa katika kibodi nyingi, bila shaka kwa kudhani kwamba hakina mtumiaji.

Mtu atakayekwenda dukani leo ataambiwa kwamba shida hizi zilikwisha zilipokuja plagi za USB, ambazo huchomolewa na kuchomekwa bila madhara. Ni kweli nusu. Visanduku vingi vya bei rahisi, kwa kutegemea uvumilivu huo wa USB, vimerudia mwendo wa kitasa: huiondoa kibodi katika mashine moja na kuipachika katika nyingine, na mashine hulazimika kuitambua upya kila mara, jambo lenye kupoteza sekunde mbili au tatu na subira ya mtu. Skrini nayo huingia katika hesabu. Kila skrini ya zama hizi hubeba ndani yake maelezo mafupi, baiti 128 kwa uchache, yenye kuieleza kompyuta ukubwa wake na uwezo wake. Kisanduku kisichohifadhi nakala ya maelezo hayo huiachia mashine iliyoachwa idhani kwamba skrini imekufa, nayo huyakusanya madirisha yote na kuyarundika pembeni. Na skrini kubwa ya nukta 3840 kwa 2160, ikipigwa upya mara 60 kwa sekunde, hudai nukta karibu milioni 500 kila sekunde, mzigo ambao kisanduku cha bei ya chini hushindwa nao, picha ikapotea na kurudi. Basi muuzaji aulizwe maswali mawili, kama kibodi huigizwa na kama maelezo ya skrini huhifadhiwa. Akibabaika, heri fedha ibaki mfukoni.

Kutoka meza moja, chombo kilitaka kwenda mbali. Waya wa mtandao wa kawaida uliweza kuupeleka ujumbe wa kibodi na picha ya skrini kiasi cha mita 100 na kupita, na nyuzi za kioo zikaupeleka kilomita kadhaa, ndiyo maana studio niliyoieleza yaweza kuwa mbali na mashine zake. Kisha zikaja KVM zenye kuigeuza picha ya skrini kuwa data za mtandao, na hapo umbali ukapoteza maana, walau kwa walio na mtandao mzuri. Kwetu Afrika ya Mashariki, kabla ya nyaya za chini ya bahari, mtandao mwingi wa ng'ambo ulipanda setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na ujumbe uliokwenda na kurudi ulichukua kiasi cha nusu sekunde. Mtu akisogeza kipanya, kishale kilimfuata kwa uvivu, akisimama nacho kikampita, na kazi ya dakika kumi ikawa ya saa. Mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na Mombasa, na ule wa TEAMS ukatua Mombasa, fundi aliyeketi pwani aliweza kuifungua skrini ya seva iliyo Ulaya, akaizima, akaiwasha, akayasoma maandishi yake ya kwanza kabla hata programu zake hazijaamka, na asione taabu kubwa. Neema hiyo si ndogo, kwa maana seva iliyolala haiwezi kuamshwa kwa programu iliyo ndani yake yenyewe.

Sasa nifike kwenye ile benki. Mwezi Aprili 2013, mtu mmoja aliingia katika tawi la benki ya Barclays huko Swiss Cottage, kaskazini mwa London, akajitambulisha kuwa fundi wa kompyuta aliyekuja kwa matengenezo, naye akaruhusiwa. Hakuvunja kufuli wala hakubuni kirusi. Alichofanya ni kuunga KVM nyuma ya kompyuta ya tawi, pamoja na kifaa cha mtandao wa simu za mkononi, akaaga akaenda zake. Muda si mrefu wenzake, wakiwa mahali pengine, waliiona skrini ya benki mbele yao na kuiandikia kama waliokaa kitini pa karani, na takriban paundi milioni 1.3 zikahamishwa kwenda katika akaunti zao. Sehemu ya fedha hizo ilirudishwa baadaye. Mwezi Septemba mwaka huo huo hila ya namna hiyo hiyo ilijaribiwa katika tawi la Santander huko Surrey Quays, lakini polisi waliiwahi wakawakamata watu 12.

Nataka msikilizaji alizingatie jambo moja katika kisa hiki. Programu ya kukamata virusi haikuwa na la kukamata, kwa kuwa hapakuwa na programu iliyoingizwa. Mashine ilichoona ni kibodi, nayo ilikuwa imeunganishwa siku zote. Naibu aliitika labeka kama desturi yake. Kompyuta haimtambui bwana wake kwa uso wala kwa nasaba. Amri ikifika kwa njia ya kibodi, na nywila ikiwa imekwisha kuandikwa, amri hiyo ni halali. Uongo ule ule uletao raha katika studio ndio ulioiba London, na hakuna fundi awezaye kuutenga uovu wake na wema wake, maana ni kitu kimoja.

Wanajeshi na wapelelezi wa serikali kubwa waliyajua hayo zamani, nao kwa kawaida huweka mashine ya siri na mashine ya mtandao wa hadhara katika meza moja ya ofisa mmoja. KVM wanazotumia zimefungwa kwa lakiri, zikifunguliwa hujiharibu. Ndani yake ujumbe wa kibodi huruhusiwa kwenda upande mmoja tu, kuelekea mashine, na usirudi. Hata taa ya herufi kubwa hunyimwa kazi, kwa hofu kwamba mashine ya siri iliyochafuliwa yaweza kuiwasha na kuizima taa hiyo kwa mpango, ikaacha katika kibodi alama itakayosomwa na mashine ya pili. Nilipoisoma hofu hiyo mara ya kwanza niliiona kama wasiwasi wa mgonjwa. Baada ya Swiss Cottage naiheshimu.

Kuna njia nyingine isiyo na kisanduku, ambayo vijana wengi huipenda, nayo ni ya programu. Mashine mbili zenye skrini zake huwekwa ubavu kwa ubavu, na kishale kikifika ukingo wa skrini ya kwanza huvuka kikatokea katika ya pili, na kibodi hukifuata. Wala si hayo tu, maneno yaliyonakiliwa huku hubandikwa kule. Shirika la Digital la Marekani lilikuwa na programu ya namna hiyo, x2x, katika miaka ya 1990. Chris Schoeneman akaleta Synergy mwaka 2001. Truong Do wa Microsoft akatoa yake mwaka 2011. Na Apple ikaionyesha yake mwaka 2021, ikawafikia watumiaji Machi 2022. Ni raha kubwa kwa mtu mwenye mashine mbili zilizo zake zote mbili. Ila programu haina kazi mpaka mashine iwe imeamka salama, na hutegemea mtandao, na kila herufi uandikayo husafiri katika mtandao huo. Synergy ya awali ilizipeleka herufi hizo wazi, bila fumbo, nywila na yote. Tena kule kunakili na kubandika, kunakosifiwa sana, ndiko kunakoubomoa ukuta kati ya mashine ya mwajiri na mashine ya nyumbani.

Rai yangu basi ni hii. Mwenye mashine zilizo zake mwenyewe na atumie programu, ahakikishe tu kwamba mawasiliano yake yamefumbwa. Mwenye mashine ya kazi na ya binafsi anunue kisanduku kisicho na mtandao, chenye naibu wa kweli, na asitamani zaidi ya hapo. Na KVM ya mtandao iachiwe walio na seva za mbali, nao waitunze kama watunzavyo funguo za hazina, wala wasiiweke wazi katika intaneti.

Mwisho kuna hatari isiyo na dawa dukani, nayo ni mtu kusahau ni mashine ipi anayoiamuru. Skrini ni ile ile, vitufe ni vile vile, na amri ya kuzima au kufuta, iliyokusudiwa mashine ya majaribio, hufika katika mashine ya mishahara. Zipeni mashine zenu rangi tofauti za nyuma ya skrini, nyekundu iwe ya ile isiyochezewa, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, inueni macho msome jina la mashine. Nanyi mlio katika maofisi, angalieni mara kwa mara nyuma ya kompyuta zenu. Mkikuta kisanduku msichokijua kimeungwa kati ya kibodi na mashine, msikichomoe, mwiteni msimamizi. Na mpaka aliyekiweka ajulikane, msiandike katika kibodi hiyo nywila ya namna yoyote.